Kupaka rangi kalipa na ngoma za breki zenye kutu ukiwa nyumbani: uzi wa wenye magari Uganda

Spana14 (Jinja)

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Kampala, Mbarara, Arua na hata wa kule mpakani Busia. Nimeona niufungue uzi huu kwa sababu siku hizi kila kona kuna kalipa nyekundu (kalipa ni kile kibano kinachozibana pedi za breki kwenye diski inayozunguka na gurudumu), na mambo ninayoyakuta nikifungua magurudumu ya watu yananitia hofu. Kupaka rangi breki ni kazi nzuri, naipenda, na mtu mwenye subira anaweza kuifanya uani kwake. Ila breki ikishapakwa inaonekana nzima hata kama inaumwa. Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema: breki ambayo hujaifungua ukaikagua, usiipake.

Kutu yenyewe inatoka wapi, na sisi hatuna bahari? Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Yale yaliyotumika Hokkaido, Tohoku au Niigata yamepita kwenye theluji, na huko barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, lakini miaka kumi ya chumvi inatosha kabisa kuitafuna kalipa. Gari linashuka Mombasa, linapandishwa hadi Malaba, linakufikia kutu ikiwa imeshaota mizizi. Matope mekundu ya huku yanashikilia unyevu tu, kutu ikaendelea kula.

Na kutu zinatofautiana. Ile nyekundu nyepesi inayotokea juu ya diski baada ya gari kulala kwenye mvua si ugonjwa, kanyaga breki mara chache itafutika. Kutu ya kahawia kwenye mwili wa kalipa, inayotoka kwa brashi ya waya na chini yake ukakuta chuma kigumu, hiyo ndiyo ya kupaka rangi. Kuna ya tatu, ya magamba: ukigonga kwa bisibisi inabanduka vipande, ukingo wa diski umemeguka, au mapezi yaliyo katikati ya diski yameoza. Hapo usitafute rangi, tafuta diski nyingine. Diski nyingi zimepigwa chapa ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa milimita, kwenye kofia (sehemu ya katikati iliyoinuka) au ukingoni. Isugue pale uisome, kisha upime. Ikiwa imepita chini ya hapo, rangi haitakusaidia kitu.

Sasa kazi. Gari likae mahali tambarare na pagumu. Uani kwa udongo mwekundu, weka ubao mnene chini ya jeki, la sivyo jeki itazama pole pole na wewe uko chini. Legeza nati gari likiwa bado chini, zuia magurudumu ya upande wa pili kwa mawe, inua, weka stendi. Usifanye kazi juu ya jeki peke yake hata kama ni ya dakika tano. Kwa ngoma za nyuma, yale makopo ya chuma yanayosuguliwa kwa ndani na viatu vya breki, utalazimika kuachia hendibreki, kwa hiyo hayo mawe ya mbele yawe mawe kweli.

Vumbi jeusi lililo ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi na viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kujua yako ni ya aina gani. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, vaa barakoa.

Ukitoa kalipa, ifunge kwa waya kwenye springi ya shoki. Usiiache ining'inie kwa hozi yake, lile bomba la mpira la mafuta ya breki, maana hozi inaumia kwa ndani ambako huoni. Chomoa pini zake mbili. Zinatakiwa kuteleza kwa mkono. Ikiwa moja imeganda, hiyo ndiyo sababu pedi moja imeisha na mwenzake bado mnene. Tazama mpira unaozunguka pistoni, ile inayoisukuma pedi: ukiwa umechanika, au umelowa mafuta, simama hapo. Kalipa hiyo inahitaji mipira mipya kabla ya rangi.

Mahali ninapotaka mpatazame kwa karibu ni kwenye braketi, pale masikio ya pedi yanapokaa. Kuna kibati chembamba cha chuma kisichoshika kutu. Kiinue. Chini yake mara nyingi utakuta kutu imejaa, ngumu kama ukoko wa ugali, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, imekisukuma kile kibati nje na kubana sikio la pedi. Dereva anaachia breki, pedi hairudi. Inaendelea kusugua safari nzima, rimu inachemka, petroli inaenda bure. Chukua tupa, sugua taratibu mpaka chuma king'ae, usile chuma chenyewe. Rudisha kibati, weka pedi. Ikiingia kwa kusukumwa na vidole tu bila nyundo, umefanya kazi kubwa kuliko rangi yoyote.

Rangi gani? Rangi ya mafuta ya kupaka geti hapana. Nyingi zinaanza kulainika na kubadilika zikipita digrii 100 hivi, na breki inafika huko kwa safari ya kawaida ya mjini. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya kalipa. Nyingi zimeandikwa kuhimili nyuzi 260 au zaidi. Kuna za kupuliza, na kuna za epoksi za mikebe miwili unazochanganya na kupaka kwa brashi. Mimi napendelea epoksi kwa mtu wa nyumbani: huhitaji kuvua kila kitu, hairuki hovyo, na inavumilia mafuta ya breki vizuri zaidi. Rangi ya ekzosi inayojisifu kwa digrii 600 inawadanganya wengi. Inahimili moto kweli, lakini nyingi zinataka kuchomwa kwa joto la digrii 200 hivi ndipo zikomae, na kalipa ya gari la kwenda kazini na kurudi haifiki huko. Inabaki laini, tone moja la mafuta ya breki linaibandua.

Kusafisha ndiyo kazi yenyewe. Sabuni na maji, kisha brashi ya waya, kisha msasa namba 80 kwenye magamba na 120 au 240 kumalizia. Kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, fuata maelezo ya mkebe. Mwisho futa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli achaneni nayo, inaacha utando wa mafuta na inawaka.

Na pasipopakwa pana uzito kuliko panapopakwa. Uso wa diski unaoshikwa na pedi, hapana. Ndani ya ngoma, hapana. Pedi, pini, masikio ya braketi, pistoni, mipira, hozi, nipo ya kutolea hewa, sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), hapana. Halafu kuna pale ambapo rimu na diski zinagusana, na diski na habu (kitovu cha gurudumu). Watu wanapapaka kwa sababu panaonekana vizuri gurudumu likiwa nje. Rangi ikikaa pale, nati ulizokaza zinabana rangi, rangi inasagika, nati zinalegea barabarani. Ziba kila kitu hicho kwa tepu ya karatasi na foili, na nipo ivalishe kikofia chake.

Paka tabaka nyembamba, mbili au tatu, ukiachia muda ulioandikwa kwenye mkebe. Anza jua likishapanda na umande umekauka, maliza kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mnaijua wenyewe. Iache ilale usiku kucha. Kurudisha, pini zipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya bearing inavimbisha mipira. Nati kaza kwa kuruka kama nyota. Kwa Toyota ndogo nyingi nguvu ya kukaza ni Nm 103. Kabla hujaondoka kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, maana ukisukuma pistoni ndani, ukanyagaji wa kwanza unaenda chini wote. Wengine wamegonga ukuta wa uani kwa hilo.

Maswali leteni.

Kamunye_Mbale

Mkuu Spana14, shukrani kwa darasa. Mimi naendesha kamunye (teksi ya abiria) Mbale–Kapchorwa. Kushuka kule tunavyokujua. Je, rangi haitafunika kalipa ikashindwa kutoa joto? Kuna mzee hapa stendi anasema chuma kitupu kinapoa haraka.

Spana14 (Jinja)

Swali zuri, ndugu yangu. Joto kubwa la breki linatoka kwa diski kwenda hewani, ndiyo maana diski ina mapezi katikati. Rangi nyembamba juu ya kalipa haibadilishi chochote unachoweza kupima. Kinachoharibu ni kuziba yale mapezi kwa rangi au kuacha matope yakaukie mle, hapo umeziba njia ya upepo.

Ila kwa njia yako mimi ningeanza na mafuta ya breki. DOT 3 na DOT 4 ni madaraja yake: DOT 3 mpya inachemka kuanzia digrii 205, DOT 4 kuanzia 230. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa cha DOT 3 kinashuka hadi 140 na cha DOT 4 hadi 155. Yakichemka unapata mapovu, pedali inalala sakafuni, na huko Sipi, kwenye mteremko wa njia yako, hakuna pa kukimbilia. Badilisha kila baada ya miaka miwili hivi, na shuka kwa gia ndogo badala ya kulalia breki. Rangi baadaye.

Kamunye_Mbale

Mafuta sijui yamekaa tangu lini, gari nililipokea likiwa hivyo. Kesho naanzia hapo. Mzee wa stendi nitampelekea jibu.

MamaWatoto_Ntinda

Habari zenu kaka zangu. Nilinunua Toyota Premio kwa muuzaji mmoja hapa Kampala, kalipa nne zote nyekundu zinameremeta, nikaambiwa breki mpya. Sasa nikisoma hapa moyo unanidunda. Nitajuaje bila kuvua kila kitu? Mimi spana sijui.

Spana14 (Jinja)

Dada yangu, tulia, kuna mambo unayoweza kuyaona mwenyewe. Endesha safari ya kawaida, simama bila kukanyaga breki kwa nguvu mwishoni, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Kushoto na kulia vinatakiwa kulingana. Rimu moja ikiwa inachoma na mwenzake wa upande wa pili ni vuguvugu, kalipa ile imeng'ang'ania.

Halafu chuchumaa na tochi, tazama kati ya matundu ya rimu. Rangi iliyopakwa juu ya kutu ina vipele, na pembeni imeanza kunyanyuka. Tazama nipo, ile chuchu ndogo juu ya kalipa. Ikiwa imepakwa rangi pamoja na kofia yake, au rangi imepita juu ya mipira na hozi, basi aliyepaka hakufungua chochote, alipuliza gurudumu likiwa limetolewa tu. Hiyo ndiyo dalili yangu kubwa. Mtu aliyefungua breki hawezi kupaka mpira wa pistoni, maana ameuona.

Ukiona hayo, peleka kwa fundi unayemwamini, mwambie atoe gurudumu moja la mbele mbele ya macho yako na akuonyeshe pini zikiteleza. Usikubali jibu la "nimeangalia, ni sawa."

FundiNdeeba

Spana14 ameandika vizuri lakini nimpinge mahali pamoja. Hapa Ndeeba wateja hawana pesa ya rangi ya kalipa. Sisi tunasugua, tunapaka oili chafu ya injini kwenye ngoma na kalipa, kutu haisogei. Baba zetu walifanya hivyo kwenye malori na yapo mpaka leo.

Spana14 (Jinja)

Mzee wangu, kwenye chasisi na springi za lori nakubaliana nawe kwamba oili inazuia kutu. Kwenye breki nakukatalia kwa heshima zote. Ngoma ikipata moto oili inakuwa nyepesi na inatembea. Ikifika kwenye viatu vya breki, vinanyonya, na kiatu kilicholowa hakisafishiki, kinatupwa. Upande mmoja ukishalowa gari linavuta upande mwingine kila ukisimama ghafla. Na mipira ya breki imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Oili ya injini inaivimbisha, pistoni inaganda.

Mteja asiye na pesa, msugulie, pasafishe masikio ya braketi, pini zipakwe grisi inayofaa, mwili wa kalipa uache na kutu yake. Kalipa yenye kutu nje na safi kwenye pini na masikio ya braketi itasimamisha gari miaka. Hilo la rangi linaweza kusubiri mshahara.

FundiNdeeba

Hapo kwenye mipira umenipata. Nimebadilisha pistoni nyingi zilizovimba mipira na sikuwahi kuunganisha na hiyo oili. Vijana wangu nitawakataza kwenye breki, kwenye chasisi tutaendelea.

Niongeze na mimi moja kwa wanaojifunza: wengine wanapulizia dawa ya kusafishia breki halafu wanawasha gesi au welding hapo hapo kukaushia. Zile dawa zenye klorini zikikutana na moto zinatoa gesi ya sumu inayoua mapafu. Soma mkebe, acha ikauke yenyewe kwa upepo.

Kasese_Pikapu

Nyie mnasema Uganda haina chumvi, njooni huku. Pikapu yangu inabeba chumvi kutoka ziwa Katwe. Ngoma za nyuma kwa nje zimekuwa kama gome la mti, na kila nikisafisha kutu inarudi baada ya muda mfupi. Nipake au ni kupoteza hela?

Spana14 (Jinja)

Ssebo, wewe ndiye mwenye haki ya kupaka kuliko sisi sote. Lakini kutu yako inarudi kwa sababu chumvi imebaki ndani ya vishimo vya chuma. Ukiisugua kavu unang'arisha juu tu, chumvi iko chini inangoja unyevu wa usiku. Osha kwa maji baridi mengi, sugua, osha tena, kausha juani, ndipo dawa ya kutu, ndipo rangi. Ukipaka juu ya chumvi, rangi itainuka kwa malengelenge.

Kwa ngoma una bahati, inatoka nzima. Itoe, pima ndani kipenyo chake. Cha mwisho kinachoruhusiwa mara nyingi kimeandikwa kwenye ngoma yenyewe. Ikiwa ndani bado nzuri, ziba ndani, paka nje kote isipokuwa pale rimu inapokalia. Ikikataa kutoka, usiipige nyundo ukingoni, ni chuma cha kumimina, inapasuka. Nyingi zina matundu mawili madogo yenye nyuzi usoni: weka bolti zinazoingia humo, ziwe M8 (unene wa milimita 8) kwa Toyota nyingi, kaza kwa zamu, ngoma itajisukuma nje yenyewe.

Na kila ukirudi kutoka Katwe, mwagia maji upande wa chini wa gari kabla halijalala.

Arua_Forester

Kalipa zangu ni za alumini, hazina kutu nyekundu, zina unga mweupe na rangi ya kiwandani inabanduka. Utaratibu ni ule ule?

Spana14 (Jinja)

Karibu ule ule, ila usitumie brashi ya waya wa chuma, inaacha chembe za chuma kwenye alumini na baadaye zinafanya madoa ya kutu. Tumia msasa laini au brashi ya nailoni. Na rangi haing'ang'anii alumini tupu vizuri, weka kwanza praima ya alumini inayohimili joto.

MamaWatoto_Ntinda

Kaka Spana14, nimerudi. Niliipeleka kwa fundi mwingine, akavua gurudumu la mbele kulia mbele yangu. Pini ya chini ilikuwa imeganda kabisa na nipo imepakwa rangi. Akasafisha, akapaka upya kwa rangi ya kalipa, akabadilisha na mafuta ya breki. Pedali sasa iko juu na gari halivuti. Lakini leo asubuhi nimeona rangi mpya imekunjamana sehemu moja tu, pale hozi inapoungana na kalipa. Kwingine ni ngumu safi. Ni rangi mbovu?

Spana14 (Jinja)

Dada yangu, gari usiliendeshe. Rangi mbovu ingekunjamana kote. Ikilainika sehemu moja pale kwenye hozi, hayo ni mafuta ya breki yanavuja na kuila. Fungua boneti utazame kijitenki cha mafuta ya breki, kama kimeshuka chini ya alama ya juu alipokijaza fundi. Kisha mwite fundi aje hapo ulipo. Ile bolti ya hozi inakaa kati ya wosha mbili za shaba, na zikishabanwa mara moja zinakuwa zimechukua umbo. Ukifungua hozi unaweka mpya. Nadhani alirudisha za zamani. Aweke mpya mbili, atoe hewa, aoshe pale kwa maji ya sabuni, kisha mtu mmoja akanyage pedali kwa nguvu na mwingine atazame kwa tochi.

MamaWatoto_Ntinda

Kijitenki kimeshuka, nusu kidole hivi. Fundi amekuja na wosha mpya, na amekiri kwamba zile zilikuwa za zamani. Tumekanyaga, ametazama kwa tochi, pakavu. Ameniambia pale palipokunjamana tupasugue na kupapaka tena mwisho wa wiki, pakiwa pamekaa siku kadhaa bila unyevu.

Spana14 (Jinja)

Sawa kabisa. Usipapake kabla ya hapo. Palivyo wazi, uvujaji ukirudi utauona.